Maiki Ipi? Muulizeni Aliyekosea

Najua nimepotea, mtanisamehe. Chumba cha habari kimenibana, kila nikikaa niandike ya kwangu mhariri anapiga simu anataka ya kwake. Lakini mwezi huu watu 3 wameniuliza swali lilelile, na nimechoka kulijibu kwa meseji: "Nataka kurekodi muziki. Ninunue maiki gani?"

Wa kwanza ni rafiki yangu anayeongoza kwaya ya vijana. Wa pili ni dogo mmoja wa mtaani kwetu, anarap chumbani kwake na laptopu ya kuazima. Wa tatu ni binamu yangu, mpiga gitaa. Wote niliwajibu neno moja, "inategemea", na wote wakaniangalia kama vile nawabania.

Sikuwa nabania. Basi leo najibu kwa kirefu. Mimi si prodyuza wala fundi mitambo. Ni mwandishi wa habari tu ambaye aliwahi kuchagua maiki vibaya, akarudia, akapatia, halafu miaka michache baadaye akagundua kwamba pale alipopatia ndipo alipokosea zaidi. Ngoja niwasimulie.

Babu yangu mzaa baba ni Mgogo. Anaishi kijijini, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Dodoma mjini, na anapiga ilimba. Kwa wasioijua: ni sanduku la mbao lenye vijiti vyembamba vya chuma juu yake, unaviminya kwa vidole gumba, na kila noti inatoka na mtetemo wake, kama nyuki aliyefungiwa ndani. Dunia iliisikia zaidi kupitia kwa marehemu Mzee Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuipeleka ilimba nchi nyingi mpaka alipofariki mwaka 2003. Babu yangu hakuvuka hata Morogoro na ya kwake. Alipiga harusini, vilabuni, na jioni nyumbani baada ya ugali wa uwele na mlenda.

Mwaka 2018 baba akanipigia simu. "Vidole vya mzee vinaanza kukakamaa," akasema. "Wewe si ndiye mtu wa vinasa sauti? Fanya kitu."

Nikajiona mjanja. Nilikuwa na kinasa sauti changu cha kazini na ile maiki ya kuwasogezea viongozi mdomoni, lakini nikasema hapana, babu anastahili kitu cha maana. Nikaenda kwa mshikaji wangu mwenye studio ndogo Sinza, akaniazima maiki ya kondensa, ile nene inayoning'inizwa kwenye raba, pamoja na intafesi ya kuunganisha na laptopu. "Hii ndiyo wanayoimbia wakubwa," akaniambia. Nikaikumbatia kwenye basi toka Ubungo hadi Dodoma kama mtoto mchanga.

Sasa hapa tuelewane kidogo jinsi hivi vitu vinavyofanya kazi, maana bila hapo hamtaelewa nilivyochemsha.

Kiswahili chetu kinaita kipaza sauti. Jina hili limetupoteza wengi. Linafanya mtu afikirie kazi ya maiki ni kukuza, kwamba ukipata kali zaidi basi sauti itakuwa nzuri zaidi. Lakini unaporekodi maiki haipazi kitu. Inanasa. Na mtego wowote, kabla ya kuuliza ni mkali kiasi gani, unauliza umeutega wapi na unataka unase nini.

Maiki ya kondensa ndani yake ina ngozi nyembamba sana, nyingi zimepakwa dhahabu, iliyotandazwa mbele ya kibati chenye chaji ya umeme. Upepo wa sauti ukiigusa, inasogea kidogo mno, na umeme unabadilika. Kwa sababu ngozi ile ni nyepesi, inasikia kila kitu: pumzi, kucha kwenye uzi, mate yakimezwa. Nyingi zinahitaji kulishwa umeme wa volti 48 kupitia kebo ileile ya sauti, ndiyo maana intafesi huwa na kitufe chake. Ukiwa kwenye studio iliyozibwa vizuri, hakuna kitu kitamu kama hiki.

Mimi nilikuwa kwenye chumba cha tofali chenye sakafu ya saruji na bati juu. Mwezi wa nane. Wanaoijua Dodoma mwezi wa nane wanajua upepo wake. Na kwa kuwa chumba kilikuwa na giza, nikamkalisha babu mlangoni apate mwanga, mgongo wake ukaelekea uani. Maana yake maiki iliyokuwa inamtazama babu ilikuwa inautazama na uani wote nyuma yake. Nikaitega kama sentimita 60 kutoka kifuani kwake, nikavaa hedifoni, nikampa ishara. Babu akapiga dakika 40 bila kupumzika.

Niliporudi Dar nikakaa kusikiliza kwa makini. Jamani! Nikachukua karatasi nikaanza kuandika kasoro moja moja. Dakika ya 2, bati linagonga. Dakika ya 4, bodaboda. Dakika ya 6, jogoo. Dakika ya 7, bibi. Dakika ya 9, jogoo tena, huyu alikuwa na chuki binafsi. Juu ya yote hayo, sauti ya babu ilikuwa na mwangwi kama anaimbia ndani ya pipa, kwa sababu ilikuwa inagonga ukuta na bati na kurudi kwenye maiki kabla hajamaliza neno. Faili lile nikaliweka kwenye folda niliyoiita "mbovu", nikamrudishia mshikaji vitu vyake.

"Umepeleka kondensa kwenye nyumba ya bati?" akacheka sana. "Si ungeuliza!"

Akanieleza habari ya dainamiki. Hii ni aina ya pili, ile mnayoiona mikononi mwa waimbaji jukwaani na kwa wahubiri wa mikutano ya injili. Ndani yake ngozi imeshikizwa kwenye koili ya waya, na koili inacheza ndani ya sumaku. Ikisogea, umeme unazaliwa. Haihitaji kulishwa volti yoyote. Koili ina uzito, kwa hiyo haishtuki kwa kila kitu kidogo, na ukiisogeza karibu na mdomo inasikia mdomo huo na kuyaacha mengi ya mbali. Tena ni ngumu, inaanguka na kuokotwa. Shure SM58, ile yenye kichwa cha duara cha nyavu, ilitoka mwaka 1966 na mpaka leo inauzwa.

Na msidhani ni maiki ya wasio na hela. Sehemu kubwa ya sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya mwaka 1982 ilirekodiwa na fundi wake Bruce Swedien kwa maiki ya dainamiki, Shure SM7, wakati studio ilikuwa na uwezo wa kutumia ghali kuliko hiyo. Fundi alisikiliza mwimbaji aliyekuwa naye, akachagua.

Kuna na aina ya tatu, riboni, yenye utepe mwembamba wa aluminiamu kati ya sumaku 2. Mafundi wa redio wa miaka ya 1930 waliipenda sana, na sauti yake ni laini kweli. Nyingi zinasikia mbele na nyuma sawasawa, na ubavuni hazisikii. Lakini pumzi kali au upepo unaweza kuuharibu utepe wake. Kuipeleka Dodoma mwezi wa nane ni sawa na kupeleka barafu.

Basi Desemba 2018 nikapanda basi tena, safari hii na dainamiki. Njiani nikawa namfikiria Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walitoka Unguja wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, miaka 3 tu tangu kampuni kubwa za santuri zianze kutumia maikrofoni mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alikuwa anaimba kwenye pembe kubwa la bati, kwa nguvu za kifua, maana pembe lisiposhtuka sindano haichongi kitu. Zamani mwimbaji ndiye aliyekuwa anaifuata mitambo ng'ambo ya bahari. Mimi nilikuwa na mitambo kwenye begi la mgongoni, naipeleka kwa mwimbaji, halafu bado nashindwa! Nikaona aibu kidogo.

Safari hiyo ya pili nikaiweka dainamiki sentimita 10 kutoka mdomoni kwa babu. Sauti yake ikatoka safi, nzito, imejaa. (Ukisogea karibu sana na maiki nyingi za namna hii besi inaongezeka yenyewe, watangazaji wa redio wanalijua hili ndiyo maana wanazibusu.) Jogoo hayupo. Bati kwa mbali sana. Nikafurahi... mpaka nilipofikia ilimba. Wale nyuki wamekufa. Ilimba ni chombo cha sauti ndogo, na uzuri wake wote uko kwenye ule mtetemo mwembamba wa juu. Dainamiki ikiwa mdomoni, ilimba ikiwa mapajani, kilichonaswa ni kama mtu anagonga meza chumba cha pili. Nikajaribu kuongeza sauti kwenye intafesi, ikaja kelele ya "shhhh" ya intafesi yenyewe, maana maiki ile inatoa umeme kidogo na intafesi ya bei rahisi ukiikamua sana inalalamika.

Babu akasikiliza kwenye hedifoni, akazivua taratibu. "Huyu anayeimba ni mimi," akasema. "Anayepiga ni nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa dhati. Juni 2019 nikarudi mara ya tatu nimejipanga. Nikaenda na maiki 2. Dainamiki kwa ajili ya sauti, nikaitega chini ya kidevu ikitazama juu mdomoni, ili kisogo chake, upande usiosikia, kielekee kwenye ilimba. Na kondensa ndogo, ile nyembamba kama kalamu nene, nikaiweka sentimita 15 tu kutoka kwenye vijiti vya ilimba. Kuna kanuni ya mafundi: maiki na maiki zitenganishwe angalau mara 3 ya umbali uliopo kati ya maiki na kitu inachokinasa, la sivyo zinanasa sauti ileile kwa nyakati tofauti na zinaanza kulana. Nikapima kwa rula.

Ukaribu ndio ulioniokoa. Ukiwa mahali pa wazi na ukaongeza umbali mara mbili, sauti inashuka kwa desibeli 6, lakini kelele za mazingira zinabaki palepale. Kwa hiyo kila sentimita unayosogea ni ushindi. Chumba nacho nikakihudumia. Godoro nikalisimamisha ukutani, mablanketi nikayatundika kwenye kamba nyuma ya babu, khanga na mashuka mlangoni. Wala sikununua kitu. Na tukaanza saa 12 asubuhi, kabla upepo haujaamka na bati halijapata jua.

Kilichobaki kilikuwa bibi.

Bibi alizoea kuamka mapema, kukaa uani na kupeta uwele kwa ungo. Nikamfuata. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba leo tunarekodi vizuri kabisa, je, hawezi kwenda kupetea kwa jirani, saa moja tu?

Bibi akacheka. "Kumbe mimi ni kelele?" Akajitwisha ungo wake. "Haya, kelele inaondoka."

Tukacheka wote. Babu akapiga nyimbo 11. Rekodi ile ni safi, nawaapia. Nyuki wote wako hai, kila neno linasikika, na kwenye hedifoni unaweza kusikia kidole gumba kikiacha chuma. Mshikaji wangu wa Sinza aliposikia akaniuliza nilikodi studio gani Dodoma. Nilitembea na kichwa juu wiki nzima.

Bibi alifariki mwaka 2021.

Tukiwa bado msibani, siku ya tatu jioni, watu wamepungua, shangazi akaniuliza kama zile nyimbo za babu ninazo kwenye laptopu. Nikaweka ile nzuri. Watu wakasikiliza kwa heshima. Babu akawa anatikisa kichwa taratibu. Wimbo ulipoisha shangazi akasema, "Ni nzuri. Lakini weka ile nyingine. Ile ya kwanza, yenye kuku."

Nikamwambia ile ni mbovu shangazi, haisikiki vizuri.

"Weka."

Kwa bahati sikuwahi kuifuta, uvivu tu. Nikafungua folda ya "mbovu". Bati likagonga. Bodaboda ikapita. Jogoo akawika, watu wakacheka kidogo. Halafu ikafika dakika ya 7.

Wimbo ule ni wa kuitikiana. Babu anatupa mstari, wa pembeni wanadaka. Mimi siku ile nilikuwa nimetazama mshale wa sauti kwenye laptopu, nikamsikia bibi nikamwandika kwenye orodha ya kasoro, kati ya jogoo na jogoo. Sikumsikiliza. Kumbe alikuwa anaitikia. Yuko uani, mita kama 5 kutoka kwenye maiki, anapeta uwele, unasikia ungo shwa, shwa, unakwenda na mapigo ya ilimba, na kila babu anapotupa mstari yeye anaudaka, sauti ya chini, bila haraka, kama watu 2 waliofanya hivyo miaka 50. Na babu anamsubiri. Kwenye rekodi ya kwanza kila baada ya mstari anaacha nafasi, ndiyo nafasi ya bibi. Kwenye rekodi yangu safi ya mwaka 2019 zile nafasi zipo vilevile, ila hazina mtu ndani. Nilidhani ni babu anavuta pumzi.

Babu hakusema kitu. Akaomba irudiwe. Tukairudia mpaka chaji ikaisha.

Dainamiki isingemnasa bibi hata kidogo. Wala ile kondensa ndogo niliyoibana sentimita 15 kwenye ilimba. Ilihitajika maiki "isiyofaa", imewekwa mbali kupita kiasi, kwenye chumba kibaya, inatazama uani na mlango uko wazi.

Sasa msije mkaondoka hapa mkisema mwandishi kasema turekodi hovyo. Sijasema hivyo. Dogo wa kurap, wewe nunua dainamiki, chumba chako kina feni na kiko barabarani, isogeze mdomoni, tundika blanketi nyuma yako, hela inayobaki nunua hedifoni nzuri. Binamu, gitaa lako linataka kondensa ndogo, elekeza pale shingo inapokutana na boksi, usielekeze kwenye tundu, utapata besi tupu. Na wewe wa kwaya, usimgawie kila mmoja maiki. Chukua kondensa 2, zisimamishe mbele juu ya vichwa vyao, rudi nyuma kidogo, acha wajipime wenyewe kwa masikio yao kama wanavyojipima Jumapili. Kabla ya kulipa, kaa pale utakaporekodia dakika 5, macho umefumba, usikilize. Utakachosikia ndicho maiki itakachosikia.

Lakini swali la kwanza kabisa, kabla ya aina na kabla ya bei, ni hili: unataka nani asikike? Mimi nilijiuliza swali hilo nikajibu haraka, "babu". Nilidhani muziki ule ni wa babu. Ulikuwa wa watu 2, na mmoja nilimwomba kwa adabu zote aende kwa jirani.

Babu bado yupo. Vidole vimekataa kabisa kuminya vyuma, ila kuimba anaimba. Mwezi wa saba nakwenda kijijini na kondensa, ile nene. Nitaitega mlangoni, itazame uani, na sitamwambia mtu anyamaze. Shangazi ameahidi kuja na ungo.

Haya wadau, maiki yenu ipi? Tuonane wiki ijayo, mhariri akiniachia.